Kiwanja cha mtaa kikianza kuzungushwa mabati: petisheni, korti, barabara ama jembe?

Hii stori inarudi kila mara kwenye magrupu ya mitaa Nairobi, ni jina la kiwanja tu linabadilika. Mtu ameamka akaona bikoni mpya, zile alama za mpaka wa ploti, kwenye uwanja wa watoto, ama bustani ya kanjo, yaani ya kaunti, imegeuka jaa la taka, ama kuna mtu amemwaga mchanga na kokoto kwenye hifadhi ya barabara na hakuna anayemjua, basi grupu inawaka moto, mmoja anataka korti, mwingine anataka maandamano kesho asubuhi, wa tatu anasema MCA, yule mwakilishi wa wadi, ni mtu wake atampigia, alafu wa nne anatuma posta ya mchango wa harusi na mjadala unafia hapo. Jumatatu mabati yako juu.

Sasa hizi njia zote, petisheni, korti, kuingia barabarani na kushika jembe kusafisha wenyewe, zimewahi kufaulu hapa hapa Nairobi, na zote zimewahi kugonga mwamba, kwa hivyo mtu akikuambia "korti ndio dawa" ama "bila maandamano hawasikii" muulize kwanza mambo yamefika wapi. Huo ndio msimamo wangu na sitauzunguka sana. Kitu kikiwa bado karatasi ofisini kina dawa yake, tingatinga likiwa limewasha injini lina dawa yake, na bustani ambayo hakuna anayeitaka hata kanjo yenyewe, hiyo ni ugonjwa mwingine kabisa.

Kabla hujachagua chochote

Jua ile ardhi iko kwa jina la nani. Tangu 2021 kuna Ardhisasa, ule mfumo wa serikali wa rekodi za ardhi mtandaoni, na rekodi za Nairobi ndizo zilianza kuingizwa huko, ukiwa na namba ya ploti unafanya sachi ukiwa kwako. Shida ni kwamba viwanja vingi vya mtaa wakaaji hawajui hata namba yake, vilitengwa kwenye ramani wakati mtaa unajengwa, vikaandikwa matumizi ya umma, alafu hakuna mtu alifuatilia hati mpaka leo, na hapo ndipo wezi hupitia. Ripoti ya 2004 ya Tume ya Ndung'u, ile iliyochunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma, imejaa mambo ya aina hiyo, viwanja vya michezo, vyoo vya umma, hifadhi za barabara, ardhi za shule, zote zimegawiwa watu kwa barua tu.

Kwa hivyo tafuteni ile ramani ya awali ya mtaa. Mkizungushwa huko ofisini, kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016, unaandika barua ya kawaida kabisa unaomba nakala ya ramani na faili ya ploti, ofisi ya umma ina siku 21 kukujibu, ikikataa ama ikinyamaza unaenda kwa Ombudsman, ile ofisi inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Si lazima uwe wakili, si lazima ueleze unaitaka ya nini.

Watu huruka hii hatua manake haina raha, hakuna picha ya kuposti. Lakini angalia Jeevanjee Gardens pale katikati ya jiji. Mzee A.M. Jeevanjee aliipatia Nairobi ile bustani 1906, na 1991 watu walipotaka kuichimba wajenge majumba juu yake, mjukuu wake Zarina Patel akaongoza kampeni ya kuipinga, na nguvu yake kubwa ilikuwa kwamba kila mtu angeweza kuambiwa hii ilitolewa na nani, lini, na ilitolewa kwa nani. Bustani iko hadi leo, na Bunge la Mwananchi, lile baraza la raia wa kawaida, wanakaa pale wakibishana siasa mchana kutwa. Kama mtaa wenu hauwezi kusema hayo mambo matatu kuhusu kiwanja chenu, tafuteni majibu kwanza.

Petisheni na barua

Hii ndio njia ya bei rahisi na ndio inadharauliwa zaidi. Katiba kipengele cha 37 kinakupa haki ya kupeleka petisheni kwa mamlaka yoyote, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakuruhusu kupeleka moja kwa moja bunge la kaunti, hauhitaji MCA akubebee mkono ingawa akikubeba inakwenda haraka. Gharama ni karatasi, kupiga chapa, na miguu ya kuzunguka mtaa ukikusanya sahihi na namba za vitambulisho.

Nguvu yake watu wengi hawaioni manake wanangoja majibu. Majibu mara nyingi hayaji, ama kamati inakuja kutembelea kiwanja na magari matano, inapiga picha, inapotea. Kile kitu petisheni inakupa ni alama kwamba serikali iliambiwa, tarehe fulani, na nyinyi, kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Ndio maana ukienda City Hall, makao ya kaunti, beba nakala mbili. Moja wanabaki nayo, ya pili wanakugongea muhuri wa kupokea wenye tarehe unarudi nayo. Yule karani atakuambia "acha tu hapo mzee ataiona", wewe usitoke, kaa kwa hicho kiti hata kama ni saa ya lanchi, ongea naye vizuri, muulizie watoto, lakini usiondoke bila muhuri. Barua isiyo na muhuri kesho itakuwa haikuwahi kuandikwa, na wakili wako akiuliza mlilalamika lini mtabaki mnaangaliana.

Alafu kuna barua ambazo zina saa inayohesabu na hizi ndizo za kukimbilia. Mtu akitaka kubadilisha matumizi ya ploti, tuseme kutoka makaazi ama uwanja kuwa biashara, anatakiwa kutangaza kwenye gazeti na kuweka bango pale pale kwenye ploti, na kwa kawaida tangazo linawapa wenye pingamizi siku 14. Lile bango huwekwa mahali penye nyasi ndefu ama linaangalia ukuta, hiyo unaijua. Mradi ukiwa mkubwa wa kuhitaji ripoti kamili ya athari za mazingira, NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, inaita maoni ya wananchi kwa siku 30. Leseni ikishatoka bado una siku 60 za kukata rufaa kwenye Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira, ile wanaita NET, na hiyo ni rahisi kidogo kuliko korti kubwa.

Vikao vya maoni ya umma nitavisema kwa ufupi tu kwa sababu vinajulikana. Tangazo linatoka leo, kikao ni kesho kutwa saa tatu asubuhi watu wakiwa kazini, ukumbi umejaa watu walioletwa na basi na kuna soda. Maoni ya mdomo yanapotelea kwenye makofi. Nenda, lakini nenda na karatasi, iache mezani, igongwe muhuri.

Petisheni inashindwa wapi? Inashindwa pale mwenye mabati ni mkubwa kuliko ofisi unayoiandikia, ama pale ofisi unayoiandikia ndiyo iliyouza. Na inashindwa kila mara ikiwa peke yake na tingatinga limeshafika.

Korti

Hapa kuna historia ambayo inafaa kueleweka vizuri manake watu hukumbuka nusu. 1989 chama tawala kilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, makao ya gazeti la Kenya Times, pamoja na sanamu kubwa ya rais. Wangari Maathai, mwanzilishi wa Green Belt Movement, akaandika barua kila mahali, na akaenda korti. Korti ikamfukuza. Ikamwambia hana haki ya kushtaki, eti yeye binafsi hajaumia chochote zaidi ya mtu mwingine. Kwa hivyo ukisikia mtu anasema "Wangari aliokoa Uhuru Park kortini", hapana, kortini alishindwa, jumba lilikufa kwa sababu kelele zilifika kwa wafadhili wa nje na pesa ikakauka.

Lakini hiyo ilikuwa sheria ya zamani. Katiba ya 2010 iliandikwa na watu waliokumbuka hayo mambo, kipengele cha 70 kinasema wazi kwamba ukienda korti kutetea mazingira hauhitaji kuonyesha kwamba wewe mwenyewe umepata hasara. Kipengele cha 22 kinakuruhusu kushtaki kwa niaba ya umma. Na kanuni za 2013, zile watu wanaita Kanuni za Mutunga, zinaruhusu korti kupokea hata barua ya kawaida kama ombi la haki za kikatiba, japo ukiniuliza mimi tafuta wakili, barua ya kawaida inafungua mlango lakini haikusaidii ukiulizwa maswali mle ndani.

Na inafanya kazi. 2024 Green Belt Movement walienda Mahakama ya Mazingira na Ardhi kuhusu msitu wa Karura, ekari 51.64 zilikuwa zikatwe kwa ajili ya kupanua barabara ya Kiambu, korti ikasimamisha. Mwanamama aliyeambiwa 1989 hana haki ya kusimama, shirika lake linasimama korti miaka 35 baadaye na linasikizwa. Hiyo tofauti ni kubwa na ndio maana ushauri wa wazee wetu wa enzi za Moi, kwamba korti ni kupoteza wakati, siuchukui mzima mzima.

Siuachi wote pia. Soma kesi ya Mitumba, kile kijiji kilikuwa karibu na Wilson Airport. Wakaaji walienda korti 2011 wakapata amri ya kuzuia wasifurushwe, na mwezi wa Novemba mwaka huo huo tingatinga likaja likabomoa amri ikiwa mkononi. Korti Kuu ikawapa haki 2013, Korti ya Rufaa ikaipindua 2016, Korti ya Upeo ikaja kutoa uamuzi Januari 2021. Ule uamuzi ni wa maana sana kwa haki ya makaazi Kenya nzima, mawakili wanaunukuu kila siku, lakini nyumba za Mitumba zilikuwa zimeshakuwa vumbi karibu miaka kumi.

Ndio nasema amri ya korti ni karatasi mpaka kuwe na watu wa kuishika pale langoni. Na wanaonyakua wanajua kalenda ya korti kuliko nyinyi, mabati hupandishwa Ijumaa jioni, ama wikendi ndefu ya sikukuu, wakijua hakimu hapatikani mpaka Jumanne. Kama mnafikiria korti, tafuteni wakili siku ile mnaona bikoni. Mkingoja mabati, mtakuwa mnapiga simu Ijumaa saa kumi na moja na simu imezimwa.

Pesa nayo tuongee ukweli. Wakili wa mambo ya ardhi si wa kuchangiwa na soo soo, yaani mia mia, kwenye grupu. Kesi ya umma mara nyingi kila upande unabeba gharama zake lakini hakuna aliyekuhakikishia hiyo, na kesi ikivuta miaka mitano waliokuwa kwenye kamati wamehama mtaa, mwenyekiti amepata kazi Doha, na faili imebaki kwa mtu mmoja aliyechoka.

Barabara na hashtagi

Kitu cha kwanza, sheria. Kipengele cha 37 kinakupa haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma inasema umjulishe OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla, na iwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Ni kujulisha, si kuomba ruhusa, ingawa OCS wengi watakuambia "tumekataa" kana kwamba uliomba. Tena hapo unataka ule muhuri.

Faida ya barabara ni kasi. Hakuna njia nyingine inayoweza kuangusha ukuta siku moja. Januari 2015, Lang'ata Road Primary, watoto wamerudi shule wakakuta uwanja wao umezungushwa ukuta. Wanaharakati na watoto wakatoka, polisi wakarusha vitoa machozi kwa watoto wenye yunifomu, picha zikazunguka dunia nzima, ukuta ukaanguka, serikali ikaomba msamaha na uwanja ukarudi kwa shule. Malalamiko ya kabla ya hapo hayakuwa yamesogeza tofali hata moja.

Lakini mimi hiyo sitaki mtu aige. Watoto wa darasa la tatu hawafai kuwa mstari wa mbele wa vita ya ardhi, na ule ushindi ulipatikana kwa sababu polisi walifanya upumbavu mbele ya kamera. Siku polisi wakifanya upumbavu kamera ikiwa haipo, ni nini kitatokea? Karura Januari 1999, Wangari na wenzake wakienda kupanda miti kwenye ardhi iliyokuwa imegawiwa matajiri walipigwa na watu wa kukodishwa, yeye akapasuliwa kichwa. Wanafunzi wa chuo wakaingia barabarani, na Agosti mwaka huo Moi akatangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi za umma. Ushindi ulikuja, ndio, lakini damu ilitangulia. Na yale maandamano ya Juni 2024 hakuna haja ya kukumbushana, Mswada wa Fedha uliondolewa lakini kuna familia bado zinalia. Kwa hivyo mtu akisema kwenye grupu "tutoke kesho", swali la kwanza liwe nani anajua wakili wa kwenda kituoni usiku, na nani ana first-eidi.

Hashtagi peke yake? Inafanya kazi kwa kitu kimoja: kitu chenye sura. Ule mti mkubwa wa mugumo wa Waiyaki Way, wa zaidi ya miaka 100, ulikuwa ukatwe kwa ajili ya barabara ya Expressway, Novemba 2020 watu wakapiga kelele mitandaoni na pale chini ya mti, ikatoka amri ya rais uachwe, na barabara ikajengwa mti ukiwa pale pale. Safi kabisa. Lakini miti mingine kando ya hiyo barabara ilikatwa na hakuna aliyeitetea, haikuwa na sura ya kupiga picha. Kama kiwanja chenu ni vumbi tupu na goli mbili za mbao, msitegemee kutrendi, labda mtafute hadithi yake, nani alicheza pale, timu gani ya mtaa ilitoka pale.

Jembe

Yaani kuingia pale na kupasafisha wenyewe, kupanda, kuweka taa, kukaa pale kila siku. Hii ndio njia ninayoipenda zaidi na nitasema kwa nini, lakini pia ndio ina ujanja mwingi ndani yake.

Nenda Dandora. Mtaa ulipangwa miaka ya 70 kwa mradi wa Benki ya Dunia, nyumba zikizunguka ua wa pamoja, na zile nyua zikaja kuwa jaa na maficho ya wezi. Vijana wa Dandora Transformation League wakaanza ua mmoja mmoja, na mashindano ya nani ametengeneza ua wake vizuri yakasambaa mpaka mitaa mingine. Ukiingia ua uliotengenezwa unaona tairi kuukuu zimezikwa nusu zimepakwa rangi, lango la chuma, sukuma wiki kwenye magunia, bembea, na kijana amekaa kwa kibao pale langoni anajua kila anayeingia. Yule kijana ndiye mradi wenyewe, tairi ni mapambo. Wakaaji wanachanga kila mwezi kitu kidogo, yeye analinda na kufagia, na kwa sababu ni kazi yake hakuna mtu atakayekuja usiku na lori la taka.

Korogocho kando ya Mto Nairobi, Komb Green walifanya kitu kama hicho, ukingo uliokuwa jaa na mahali pa kuogopwa ukageuzwa bustani, na waliougeuza ni vijana wa pale pale ambao wengine wao ndio walikuwa wanaogopwa. Hata Karura yenyewe, baada ya vita vya 1999, kilichoifanya ibaki si ile vita peke yake. Ni Friends of Karura kukaa mezani na shirika la misitu, kuweka uzio wa umeme, kuajiri walinzi wa kutoka vijiji vya karibu, na kufungua njia za watu kutembea na kuendesha baiskeli. Msitu uliokuwa unaogopwa sasa wikendi hupati pa kuegesha gari. Ukitaka kuunyakua saa hizi unagombana na maelfu ya watu waliokimbia pale Jumapili iliyopita.

Linganisha na ile bustani ya Michuki kando ya mto, karibu na Globe. Ilisafishwa na serikali mzee Michuki akiwa waziri wa mazingira, ikaachwa, ikarudi kuwa jaa, ikasafishwa tena na serikali 2020. Pesa mara mbili kwa kazi moja, kwa sababu ilisafishwa kutoka juu na hakukuwa na mtu ambaye ile sehemu ni ofisi yake.

Udhaifu sasa. Moja, jembe si hati. Ukipanda miti kwenye ploti ambayo mtu ameshaiandikisha kwa jina lake, umemfanyia usafi wa bure. Na ardhi ya umma hata ukiilima miaka 20 haiwi yako, kwa hivyo usidanganyike na stori za "tumekaa hapa sana". Mbili, hili linaniuma zaidi, kamati zinageuka. Kiwanja kinaokolewa, mwenyekiti anaweka kiosk cha dadake kwenye kona, alafu kuosha magari upande ule, alafu parking ya usiku ya mia moja, na miaka mitatu baadaye watoto wanacheza barabarani na kiwanja kimenyakuliwa na walinzi wake. Hakuna tingatinga, hakuna kwa kupeleka petisheni, ni jirani yako mnasalimiana. Tatu, lango. Lango linazuia lori la taka lakini linazuia pia chokoraa na mama wa kuuza njugu, na Karura unalipa ili uingie. Mimi nakubali lango bora liwe wazi mchana na kanuni ziandikwe ukutani, wengine hawakubali kabisa, na wana hoja.

Usajili si mgumu. Sheria ya Usajili wa Makundi ya Jamii ya 2022 inataka watu wasiopungua 10, katiba ya kundi na maafisa. Fanyeni hivyo, manake kundi lisilosajiliwa halifungui akaunti ya benki na pesa inabaki kwa M-Pesa ya mtu.

Ukiziweka kando kwa kando

Kasi: barabara ni siku, korti kwa amri ya muda ni siku mpaka wiki na kwa uamuzi ni miaka, petisheni ni miezi, jembe ni kila siku maisha yako yote. Pesa: petisheni karibu bure, barabara nafuu mpaka mtu ashikwe, jembe ni michango midogo isiyoisha, korti ndio inaumiza mfuko. Hatari ya mwili: barabara iko juu kabisa, na jembe usilidharau, ukisafisha jaa umegusa ulaji wa mtu. Kinachobaki mkishashinda: barabara inaacha picha, petisheni inaacha muhuri, korti inaacha amri, jembe linaacha watu. Na mkishindwa, barabara ndio inawaacha wamevunjika moyo zaidi, petisheni hamtapoteza kitu zaidi ya viatu.

Kwa hivyo nyinyi mchague gani

Mmeona bango la kubadilisha matumizi ama bikoni tu, hakuna kitu kingine: petisheni na barua za pingamizi, leo, si baada ya mkutano wa mwezi. Picha ya bango yenye tarehe, sachi ya Ardhisasa, barua kwa idara ya mipango ya kaunti na nakala kwa Tume ya Ardhi. Maandamano hapa ni kuharibu risasi, hakuna ukuta wa kuangusha na mtachosha watu kabla ya siku yenyewe.

Mabati yako juu ama tingatinga limefika: watu kwenye kiwanja na wakili kortini, siku hiyo hiyo, vyote viwili. Wasiokwenda kazini wakae pale, kwa amani, wazee na akina mama wakiwa mbele, simu zinarekodi, na wakili anatafuta amri ya muda. Wale wa kiwanjani kazi yao ni kununua saa, si kupigana. Amri ikitoka ibandikwe kwenye yale mabati na apewe OCS mkononi, na watu wasiondoke, Mitumba ilishatufundisha. Hapa ndipo ile barua yenye muhuri inakuwa dhahabu, jaji akiona mlilalamika miezi mitatu nyuma hamwonekani wa kukurupuka.

Uwanja ni wa shule: fuateni hati ya shule kwanza kuliko kitu kingine chochote, hata kama hakuna anayeusogelea saa hizi. Bodi ya shule na wazazi ndio wa kusukuma, na kama kuna tajiri amepakana na shule na anapanua parking, msingoje Januari.

Na kama shida ni bustani iliyooza tu, hakuna mnyakuzi: msiende korti, msiandamane. Shikeni jembe mwezi mmoja muonyeshe mko, alafu mfuate pesa ya kaunti kwa kalenda yake. Watu wengi wanajitokeza Juni bajeti ikisomwa, wakati huo imeshapikwa. Mapendekezo ya bajeti yanafika bunge la kaunti kabla ya 30 Aprili, ile karatasi ya mikakati ya fedha kabla ya 28 Februari, na mpango wa maendeleo wa mwaka, ambao mradi wenu usipokuwemo ni vigumu sana kupata senti, unafika kabla ya 1 Septemba. Mkianza kukusanya sahihi Oktoba, hizo taa za bustani mnaziomba za mwaka wa fedha unaofuata ule unaofuata.